Banshee 350 kwenye mchanga wa Bidiyah: kilichonifaa na kilichonila pesa

Aliyekulia Unguja zama za Vespa anaijua harufu ya petroli iliyochanganywa na oili. Mie nilipohamia Maskati na kumkuta jirani anaipasha moto Yamaha Banshee nje ya geti lake, pua ilishanunua kabla mkono haujaingia mfukoni. Miezi mitatu baadaye nilikuwa na yangu, modeli ya 2004, ya mkono wa tatu, pamoja na orodha ndefu ya vitu vya kuiongezea nguvu. Huu ni mwaka wa tatu. Injini nimeifungua mara mbili, moja kwa kupenda na moja kwa kulazimika, na ile orodha ya mwanzo imebaki nusu.

Kwa asiyeijua: Banshee ni kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ya michezo, siyo zile za kubebea nyasi shambani. Injini ni ya mipigo miwili, ya kuchanganya oili, silinda mbili za ubavu kwa ubavu, 347cc, inapozwa kwa maji. Ina gia sita na kabureta mbili za Mikuni za milimita 26. Ilianza kuuzwa 1987, na Marekani ikaishia modeli ya 2006. Kwa hiyo utakayoipata leo imeshapita mikononi mwa watu na kila mmoja kaacha alama yake. Yangu ilikuja na jeti (kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta, namba ikiwa kubwa petroli ni nyingi) namba 270 kabureta ya kulia na 250 ya kushoto. Muuzaji aliapa kwamba haijawahi kuguswa.

Nilianza na ekzosi, kama wanavyoanza wengi, na hapo sijutii hata baisa. Katika injini hizi ekzosi si bomba la kupitishia moshi tu. Silinda haina vali kule juu. Tundu la kutolea moshi na yale ya kuingizia mchanganyiko hukaa wazi pamoja kwa kitambo kidogo, na mchanganyiko mbichi huchupa nje kabla haujaungua. Lile tumbo la ekzosi hurudisha wimbi linalousukuma urudi ndani kabla pistoni haijaziba tundu. Sasa wimbi lina safari yake, na urefu na umbo la bomba ndivyo vinavyoamua kwenye mizunguko ipi ya injini litafika kwa wakati. Ndiyo maana hakuna ekzosi nzuri kila mahali. Ukiipata ya kuvuta chini, juu itakuacha.

Wenye Banshee wengi watakutajia tatu: FMF Fatty inayoshika chini na katikati, Toomey T5 inayoanzia katikati kwenda juu, na CPI ya wapenda mizunguko mikubwa. Nilipewa ya jirani yenye CPI niijaribu. Kwenye tambarare, wallahi, mikono ilitaka kuchomoka. Tukaenda kwenye kilima cha mchanga laini. Huko Ramlat al-Wahiba, jangwa la mchanga lililo upande wa Bidiyah, viko vinavyofika mita mia. Nikachelewa kubadilisha gia, mizunguko ikaanguka, chombo kikalala kama punda aliyegoma. Jirani yeye anapanda vilevile na ekzosi ileile bila shida, kwa sababu vidole vyake vinaijua klachi. Mie si yeye. Nikachukua T5. Inanisamehe kidogo nikikosea, na juu bado ina cha kutoa.

Pamoja na ekzosi nilitoa kifuniko cha boksi la hewa, nikaweka filta ya wazi yenye soksi ya kuzuia vumbi, na ridi za V-Force badala ya zile za kiwandani. Ridi ni yale majani membamba yanayoruhusu mchanganyiko uingie kwenye chumba cha kranki chini ya pistoni na kuuzuia usirudi. Tofauti niliisikia kwenye kushika tu: ukigusa gesi, jibu linakuja mara moja. Nguvu ya juu sikuiona ikiongezeka sana. Kama pesa ni kidogo, hizi zinaweza kungoja. Kwa filta sina la kusema ila isafishe na uipake oili yake kila ukirudi, maana mchanga wa kule ni unga.

Halafu nikaingia tamaa ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Nilinunua ya Pro Design, ile yenye kuba za kubadilisha, na kuba huuzwa kwa ujazo wa cc: kadiri ujazo unavyokuwa mdogo ndivyo mgandamizo unavyopanda. Fundi wangu ni mzee wa Kiunguja aliyetengeneza Vespa maisha yake yote kabla ya kuhamia huku. Nikamwuliza, "Ami, nikitia kuba za 18 si nitapata zaidi?"

"Utapata, mwanangu. Utapata na sababu ya kuja kwangu kila wiki."

Sikumsikiliza. Nikatia za 18, na kwa ujuaji wangu nikasogeza sahani ya sumaku digrii nne mbele ili moto uwahi. Petroli ni ya 95 ya kituoni, joto ni la Oman. Kilima cha pili nikasikia mlio kama changarawe ndani ya kopo. Ule si mlio wa kuupuuza: mchanganyiko unajilipua wenyewe, na kinachoumia ni kichwa cha pistoni. Kosa ni langu, hedi haina hatia. Kwa kuba za 18 ningetafuta mafuta ya mashindano. Nimerudi kwenye kuba za 21, moto nikaurudisha nilipoukuta, na hiyo hedi sasa naisifu kwa yeyote. Mgandamizo ukitaka kuubadilisha ni bolti chache na mipira ya kuzibia.

Kazi ya kufunga hedi, kubadilisha ringi na sili za kranki (zile pete za kuziba hewa na oili zisipite) niliipeleka karakana moja kubwa kwa sababu Ami alikuwa safarini. Risiti iliandika sili mpya pande zote mbili. Nikatia jeti 280 jioni moja ya Oktoba, joto nyuzi 38, plagi zikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Safi kabisa.

Januari tukalala Bidiyah. Alfajiri baridi, nyuzi 14, kila mtu kajifunga kilemba. Nikaipasha moto dakika mbili tu, nikaunyoosha mlima gia ya tano, gesi yote. Katikati ya mlima injini ikaanza kuimba kwa sauti nyembamba, mizunguko ikapanda bila mimi kuomba, halafu magurudumu ya nyuma yakakaza. Pistoni ya kushoto ilikuwa imenata kwenye silinda.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni hewa. Hewa ya nyuzi 14 ni nzito kwa karibu asilimia nane kuliko ya nyuzi 38, kwa hiyo jeti iliyotosha Oktoba ilikuwa inaninyima petroli Januari. Ya pili aliigundua Ami: sili ya upande wa sumaku, yaani kushoto, ilikuwa ileile ya zamani, ngumu kama kifuu. Sili ya kulia ikivuja, injini hunyonya oili ya gia na utauona moshi. Ya kushoto ikivuja hunyonya hewa, na hewa haionekani. Nilipoirudia ile karakana na sili mkononi, niliambiwa nimeitia mwenyewe.

Basi kama utanunua kitu kimoja tu kutokana na maneno yangu, nunua kipimo cha kuvuja. Changu nilikitengeneza kwa riali sita: vizibo vya mpira vya fundi bomba, geji ndogo na pampu ya mkono. Unaziba tundu la ekzosi, unaziba njia ya kabureta, unajaza hewa mpaka psi 6, unakaa dakika sita. Sindano isishuke. Kila silinda ina chumba chake cha kranki, kwa hiyo pima moja moja, na usisahau kuubana ule mpira unaounganisha njia mbili za kuingizia, la sivyo utahangaika bure. Yangu ilifika sifuri kabla ya dakika moja. Maji ya sabuni yakafanya povu palepale penye sili.

Silinda zilichongwa saizi ya juu yake, nikatia pistoni za Wiseco. Hizi ni za kufuliwa kama kazi ya mhunzi, siyo za kumiminwa, zinatanuka zaidi zikipata moto, kwa hiyo zinataka nafasi zaidi kwenye silinda na subira zaidi asubuhi. Siku hizi siipandi mpaka nikishika tanki la radieta mkono uungue kidogo. Oili nachanganya 32 kwa 1, na naipima kwa kikombe, siyo kwa macho.

Kitu cha bei ndogo kilichonifurahisha kuliko vingi ni sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Ya kiwandani ina meno 14, nyuma 41. Nilipovaa mipira ya makasia ya kuchota mchanga, nikaweka 13 mbele. Kasi ya mwisho inapungua kidogo, lakini gia ya tatu na ya nne sasa zinabeba kilima ambacho zamani nilikihofia. Makasia yalianza kuila klachi, nikaongeza springi ngumu. Mkono unachoka, ndiyo.

Lile boksi la TORS juu ya kabureta, linalokata moto gesi ikikwama, wengi hulitoa na mie nimelitoa. Ila nilitia swichi ya kuzima injini, yenye kamba ya kufunga mkononi, siku hiyohiyo. Gesi iliyonasa mchanga haina mzaha.

Kuna mambo nimeyakataa. Kranki ya kuongeza mwendo wa pistoni milimita nne, inayokupa 373cc, na silinda za Cub zinazoifikisha 421cc pamoja na kranki hiyo. Nimeipanda ya 421 ya mtu mmoja kule kambini. Sikucheka, niliogopa. Na mwenyewe hubeba mafuta yake kwenye madumu kutoka mjini, maana ya kituoni haiyataki.

Sasa nina kisanduku cha jeti, 270 mpaka 320, na daftari: tarehe, nyuzi joto, jeti, rangi ya plagi. Ijumaa hii wametabiri nyuzi 15 alfajiri. Nimeshatia 300 pande zote mbili, na Ami kasema safari hii anakuja mwenyewe, apate kuona mshipa wangu wa kusubiri injini ipate moto umekua kiasi gani.