Nilinunua kompyuta iliyoundwa tayari, nikaishia kuiunda upya

Hapa kwetu sanduku lote la kompyuta tunaliita CPU, ingawa CPU yenyewe ni prosesa tu, ubongo wa mashine, na nadhani shida yangu ilianzia hapo. Unaingia dukani, unauliza "CPU hii bei gani?", muuzaji anakutajia bei ya sanduku, basi. Haikujii akilini kwamba humo ndani kuna vitu saba au vinane, na kila kimoja kuna mtu aliyeamua kiwe kizuri au kiwe cha kujazia nafasi.

Mimi napiga na kuhariri video za harusi, sendofu na kipaimara hapa Dar es Salaam. Kwa miaka mitatu nilikuwa nafanyia kazi kwenye laptopu iliyopata joto mpaka nikawa naielekezea feni ya mezani. Machi 2024, Kwaresma na Ramadhani zilipokutana na harusi zikakauka kabisa, nikaona huo ndio wakati wa kuhamia kwenye dekstopu, niwe nimeizoea kabla msimu haujarudi baada ya Pasaka na Idi.

Rafiki mmoja alinishauri niunde mwenyewe kipande kwa kipande. Nikamwona mtu mwenye muda wa kupoteza. Nikaenda dukani, nikamwambia kijana wa kaunta nataka mashine ya kuediti video, nikaonyeshwa sanduku lenye kioo ubavuni na feni tatu zinazowaka rangi zote. Prosesa Core i5 ya kizazi cha 12, kadi ya picha RTX 3060 ya GB 12, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16, diski SSD GB 512. "Hii bosi wangu inapiga kila kitu." Shilingi 2,600,000, waranti miezi 6. Nikalipa, nikapakia kwenye bajaji na kuishikilia magotini njia nzima kama nimebeba keki.

Kwa wiki chache niliisifu kila mahali. Video za kamera yangu ya zamani zilipita kama maji. Baada ya Pasaka nikaanza kushirikiana na mwenzangu mwenye Canon R6, anayepiga kwa C-Log ili rangi zirekebishike baadaye. Nikaweka video zake kwenye Premiere, programu ninayohaririia, na mambo yakageuka. Picha inaganda, sauti inaendelea. MC anamkaribisha bibi harusi ukumbini, na bibi harusi mwenyewe bado amesimama mlangoni sekunde nne nyuma. Nikafungua dirisha linaloonyesha mzigo wa mashine: prosesa asilimia 100, na kadi ya picha, ile iliyonifanya nilipe bei yote ile, imekaa kama mgeni rasmi, haigusi kitu.

Ilinichukua usiku kadhaa wa kusoma kuelewa. R6 ikipiga kwa C-Log huandika faili za H.265 zenye biti 10 na rangi za 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana lakini yenye taarifa nyingi za rangi. Kadi za NVIDIA za RTX 30, kama yangu, na hata za RTX 40, hazina sehemu maalumu ya kufungua faili za namna hiyo. Uwezo huo ulikuja na RTX 50 mwaka 2025. Kinachoziweza ni chipu ndogo ya picha iliyomo ndani ya prosesa za Intel za dekstopu kuanzia kizazi cha 11. Mimi nilikuwa na kizazi cha 12, kwa hiyo nikafurahi. Kisha nikasoma jina lote la prosesa yangu: i5-12400F.

Hiyo F mwishoni maana yake chipu ya picha imezimwa. Kuna i5-12400 na kuna i5-12400F. Viini ni 6 kwa 6, nyuzi 12 kwa 12, kasi ileile. Tofauti ni hiyo chipu tu. Ya F ni nafuu kidogo, na kwa mtu anayecheza gemu haina hasara yoyote maana kadi yake ya picha ndiyo inafanya kazi yote. Kwangu mimi, herufi moja ilinisimamishia kazi.

Sitaki kumwonea yule kijana. Nilimwambia "kuediti", na mashine zenye kioo na taa wateja wake wengi ni wacheza gemu, kwa hiyo alinipa kilichokuwa mezani. Lakini hilo ndilo lililonikaa kichwani kuhusu mashine za tayari: aliyeiunda alikwisha kuamua wapi abane matumizi, na alipokuwa anaamua hakuwa ananifikiria mimi.

Nikapiga simu kuomba wanibadilishie prosesa niongeze hela juu. Wakasema prosesa ikishafungwa hairudi. Na nikifungua mwenyewe? "Stika ikichanika, waranti imekufa mkuu." Nikakaa na maneno hayo siku mbili, kisha nikachana stika.

Ndani ndiko nilikopata hasira ya kweli. RAM ilikuwa kipande kimoja cha GB 16 badala ya viwili vya 8 vinavyofanya kazi sambamba. Hilo ningelisamehe, hata limenisaidia baadaye. Lakini pawa saplai! Jina ambalo sijawahi kulisikia, nyepesi kama boksi la viatu, imeandikwa kwa herufi kubwa 600W. Kwenye jedwali dogo pembeni, mstari wa volti 12 unasema ampea 18. Zidisha mwenyewe: 12 mara 18 ni 216. Mstari huo ndio unaolisha prosesa na kadi ya picha, na RTX 3060 peke yake hula wati 170, prosesa ikikazana inafika 117. Jumla 287 kwenye kitu chenye uwezo wa 216. Na waya wa kwenda kwenye kadi ulikuwa umeungwa kwa adapta, kwa sababu pawa saplai yenyewe haikuwa na mdomo wa pini 8. Kumbe zile mara mbili mashine ilipojizima katikati ya kutoa video, nikaulaani umeme wa mtaani kwetu, umeme haukuwa na kosa.

Basi nikaanza kununua. Kariakoo za F zilijaa kila kaunta, isiyo na F nikaambiwa nisubiri mzigo. Shemeji yangu yuko Dubai, akaichukua Bur Dubai na kuja nayo kwenye mkoba wa mkononi. Prosesa ni kitu kidogo, haina usumbufu safarini. Pawa saplai nilisisitiza kununua hapahapa Dar, kwanza kwa uzito wake, pili nilitaka risiti na mlango wa kurudi kugonga ikifa. Wati 650, 80 Plus Bronze (alama ya kutopoteza umeme mwingi), ampea 54 kwenye volti 12. Nikaongeza RAM kipande cha pili cha GB 16, kasi 3200 kama cha kwanza.

Siku ya kufunga nilikaa sakafuni kwenye vigae, zulia nimelikunja kando kwa kuogopa umeme tuli. Kuchomoa prosesa ya zamani ndiyo sehemu iliyonitoa jasho, maana kwenye mazabodi za Intel, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, vijipini viko kwenye soketi, ukidondosha kitu juu yake umeiua bodi. Nikafunga, nikawasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Nikapaniki, nikang'oa hita-sinki nikidhani prosesa imekaa vibaya, na kwa kufanya hivyo nikaharibu ule uji wa kupitisha joto uliokuja umepakwa kiwandani. Shilingi 10,000 nyingine ya tyubu mpya. Na kosa lilikuwa nini? RAM niliyoongeza haikuwa imebonyea mpaka ikalia "ta". Nilikuwa naibembeleza. Inataka kusukumwa kwa dole gumba bila huruma.

Hata hivyo video za R6 ziliendelea kuganda! Usiku huo nilikaribia kulia. Ni kwamba mazabodi nyingi zikiona kuna kadi ya picha huizima zenyewe ile chipu ya ndani ya prosesa. Unaingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, unatafuta mpangilio unaoitwa iGPU Multi-Monitor, unauwasha, halafu unaweka na draiva ya Intel. Saa nane usiku bibi harusi akaingia ukumbini sambamba na sauti ya MC, na mimi nikaenda kumwamsha mke wangu aone. Hakuona cha ajabu.

Hesabu sasa. Mashine 2,600,000, prosesa 430,000, pawa saplai 220,000, RAM 110,000, uji 10,000: jumla 3,370,000. Ile 12400F nilimuuzia kijana wa jirani anayecheza gemu kwa 280,000, na kwake inapiga kazi vizuri. Ikabaki 3,090,000. Nikakaa na karatasi nikapiga bei za wakati ule kana kwamba ningeunda tangu mwanzo na vitu vilevile: 2,550,000. Nimetupa 540,000 na wiki tatu za msimu.

Pamoja na hayo, siwezi kumwambia kila mtu akaunde. Wanaohubiri kuunda hawasemi kwamba mashine ikikataa kuwaka, duka ni wewe. Usiku ule wa skrini nyeusi sikuwa na RAM ya akiba ya kujaribia, wala bodi nyingine, wala pawa saplai ya kupima. Fundi wa duka angegundua kwa dakika tano kwa sababu nyuma yake kuna rafu nzima ya kujaribishia. Waranti nayo ukiunda inakuwa vipande saba kwa maduka saba, na kila duka litakwambia kosa ni la kipande cha mwenzake.

Kama ningerudia, ningeandika orodha yangu kwenye karatasi, jina kamili la kila kitu mpaka herufi ya mwisho, nikaipeleka dukani na kuwalipa ufundi wao. Fundi wa mtaani kwangu hutoza 50,000, na duka kubwa mara nyingi huimeza gharama hiyo ukinunua vitu vyote kwao. Iwashwe mbele yangu, nilete faili zangu kwenye flashi, nizicheze palepale kabla sijatoa hela. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe vipande vyote, siyo "kompyuta 1".

Kuna hali moja ambayo kuunda ni kujitesa bure. Mdogo wangu ana steshenari Mbagala: kuchapa barua, fotokopi, kujaza fomu za maombi mtandaoni. Mwaka jana akaniambia, "Kaka, na mimi niundie kama yako." Nikamkatalia. Nikamnunulia Dell OptiPlex 7060 ya mtumba, ile nyembamba iliyotolewa maofisini Ulaya, i5-8500, RAM GB 8, kwa 480,000. Haina kelele, inakula umeme kidogo, na haijamsumbua. Kizazi cha 8 nilikichagua kwa makusudi, kwa sababu Windows 11 rasmi inaanzia hapo kwa Intel, na msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Bado kuna wauzaji wanaosukuma za kizazi cha 6 na 7 kwa bei inayokaribiana na hiyo. Uliza namba ya prosesa, usiulize "ni i5 au i7", maana i7 ya kizazi cha 6 inabaki kuwa mzee.

Tahadhari moja na hizo OptiPlex: usinunue kwa mpango wa "nitaiongezea kadi baadaye". Pawa saplai yake ni ya wati 200, viunganishi vyake si vya kawaida, kwa hiyo huwezi kuchomeka nyingine ya dukani hivihivi, na kadi ya picha ya kimo cha kawaida haiingii kwenye kasha lile. Mdogo wangu amekwisha kuniuliza kuhusu gemu za mpira. Nimemwambia auze karatasi.

Na kuna jambo limegeuza mahesabu yangu tangu nilipounda. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya dunia nzima, viwanda vinakimbilia kuhudumia seva za akili mnemba. Kile kipande nilichonunua 110,000, siku hizi nikitajiwa bei yake nabaki kucheka. Mashine ya mtumba inayokuja na RAM yake ndani imekuwa na thamani ambayo miaka miwili iliyopita haikuwa nayo, na anayeunda leo aanze kwa kuulizia RAM kabla hajapendana na kadi ya picha.

Yangu inaendelea vizuri. Kila baada ya miezi miwili naifungua na kupuliza vumbi, na Januari joto likizidi naondoa kile kioo cha ubavuni. Ile pawa saplai ya zamani ninayo bado kabatini. Mtu akija kuniuliza anunue ipi, namshikisha hiyo mkono mmoja, na mkono wa pili namshikisha nyingine ya maana, halafu naenda jikoni kuchemsha chai.