Sumaku ya kuelea ya kusafishia kioo cha tangi la samaki: uzoefu wangu Malindi

Kwa tangi la maji baridi lenye kioo cha milimita 8, sumaku ya kuelea ndiyo kifaa ninachokishika kwanza ukoga wa kijani unapoanza kuonekana. Mkono hauingii majini, samaki hawataharuki, na kioo cha mbele cha tangi la sentimita 90 kinarudi kung'aa ndani ya dakika chache. Naipendekeza bila kusita. Lakini kwa sisi tunaofuga samaki Malindi, kifaa hiki kina adui ambaye karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi haimtaji kabisa, naye ni mchanga wetu wenyewe.

Kifaa ni vipande viwili. Cha ndani kina kitambaa kigumu cha vijindoano vya plastiki, na ganda lake lina hewa ili kikiachana na mwenzake kielee juu badala ya kuzama. Cha nje kina kitambaa laini. Kila kimoja kina sumaku iliyofungiwa ndani ya plastiki. Zipo pia zisizoelea, za bei ya chini, na hapo sioni faida ya kubana pesa. Isiyoelea ikiteleza inatua kifudifudi mchangani, kitambaa kinajaa chembe, kisha unaivuta juu tena huku ukikichora kioo. Unacholipia ni huko kuelea.

Saizi huamuliwa na unene wa kioo, wala si ukubwa wa tangi. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana umbali unapoongezeka, kwa hiyo ile inayoshika vizuri kioo cha milimita 6 inaweza kulegea kabisa kwenye kioo cha milimita 10. Pima kioo kwa rula pale juu kwenye ukingo ulio wazi kabla ya kununua, hasa kama tangi limeundwa na fundi wa vioo wa hapa mjini na halina karatasi yoyote. Sumaku iliyo dhaifu kuliko kioo huachia kila inapokutana na doa gumu. Iliyo kali kupita kiasi ni mbaya zaidi: vipande hujibamiza wakati wa kuunganishwa, kidole kinaweza kubanwa, na kitambaa hukandamizwa kiasi kwamba chembe moja tu ya mchanga inatosha kuacha mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha.

Sasa huo mchanga. Ukitembea ufukweni kuelekea Mambrui utaona mistari myeusi inayometa pale maji yanapokupwa. Ni chembe nzito zenye madini ya chuma na titani, zilizoletwa na Mto Sabaki kutoka bara na kuchambuliwa na mawimbi. Funga sumaku ya kifaa hiki kwa karatasi, ipitishe juu ya mchanga huo ukiwa mkavu, na itaota ndevu nyeusi. Ndiyo maana onyo la kawaida la "usiguse mchanga" halitoshi hapa. Mchanga mwingine hunasa kwenye kitambaa ukiugusa tu. Huu mweusi hurukia sumaku yenyewe ikipita juu yake bila kuugusa, na huwezi kuona tukio hilo kwa sababu linafanyika upande wa chini wa kipande kilicho majini. Mkwaruzo ukishaingia kwenye kioo hautoki, na ukoga hupenda kuanzia humo humo kwa kuwa kitambaa hakifiki chini ya mfereji huo mdogo.

Kama mchanga wa tangi lako ulichotwa ufukweni au mtoni, utoe, uoshe kwa maji matamu hadi maji ya mwisho yatoke meupe, kisha uanike. Uutandaze mwembamba kwenye sinia, upitishe sumaku iliyofungwa karatasi, ufungue karatasi ili chembe zianguke pembeni, urudie mpaka karatasi ibaki safi. Ni kazi ya kuchosha lakini inafanywa mara moja tu. Njia nyingine ni kutafuta mchanga wa chujio la bwawa la kuogelea kwa wale wanaohudumia mabwawa ya hoteli. Huo ni wa madini ya kwatzi, punje zake zinalingana, na hauna weusi. Hata hivyo kwatzi ni ngumu kuliko kioo, kwa hiyo nao unakwaruza ukinaswa. Mchanga mweupe wa matumbawe ni laini zaidi kwa kioo, ila hupandisha ugumu wa maji na kuyafanya yawe na alkali, jambo ambalo samaki wengi wa maji baridi hawalipendi. Na usiuchote ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Eneo hilo linalindwa tangu 1968, na kutoa chochote humo, iwe mchanga, jiwe au konokono, ni kosa.

Namna ya kuitumia ni hii. Anza kwa kupangusa kioo cha nje kwa kitambaa chenye unyevu. Msimu wa Kusi upepo huleta chumvi mpaka ndani ya nyumba. Chumvi yenyewe haikwaruzi kioo, ila hushika vumbi, na vumbi la huku ni mchanga. Suuza kipande cha ndani kwenye ndoo yenye maji ya tangi, kisha pitisha kidole gumba juu ya kitambaa chote. Ukihisi kitu kigumu, hata kidogo, suuza tena. Kitumbukize kwenye pembe ya juu kikiwa kimeinama ili mapovu yatoke, kikaribie kioo, ndipo ulete cha nje ukikitelezesha kutoka ukingoni. Usivigonganishe.

Anza juu, enda mlalo, pole pole, kila mkondo ukilalia nusu ya uliotangulia. Kasi nzuri ni ile ambayo kipande cha ndani kinafuata bila kubaki nyuma. Ukikiona kinachelewa, ukoga ni mzito: punguza mwendo, usikaze mkono. Baada ya mikondo michache kipandishe hadi usoni mwa maji ukikague. Ukifika sentimita 5 juu ya mchanga, simama. Hapo chini ni kazi ya kadi. Kadi ya zamani ya benki au kipande kigumu cha plastiki kinakwangua utando kwenye kioo kilichobaki bila kubeba chembe, kwa sababu hakina nyuzi za kuzinasa.

Usipindishe kona kwa sumaku kama kona ya kioo si ya mviringo. Iachanishe, kipande cha ndani kielee juu, uanze upya kwenye kioo cha pili. Acha sentimita moja hivi kutoka kwenye gundi ya silikoni. Vijindoano huinyofoa taratibu, na tangi huanza kuvuja kwenye mshono.

Kazi hii ifanywe kabla ya kubadilisha maji, wala si baada. Ukoga uliobanduka unaelea. Chujio likiwa linafanya kazi hunasa sehemu yake, na nyingine hutua. Subiri robo saa, ndipo uvute maji kwa mpira pamoja na uchafu huo. Sponji ya chujio ioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Maji ya bomba ya Malindi, yanayotoka Baricho kandokando ya Sabaki, yametiwa klorini, na klorini huua bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitrati. Maji mapya nayo yatiwe dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kabla ya kuingia tangini.

Mara mbili kwa wiki inatosha. Utando wa siku mbili tatu hutoka kwa mkondo mmoja. Ukiuacha wiki mbili unashikamana, na hapo watu huanza kusema sumaku haifai.

Yapo ambayo kweli haiyawezi, na yasihesabiwe kuwa kasoro yake. Madoa ya kijani ya mviringo, magumu, ya milimita 2 au 3, hayatoki kwa kitambaa chochote. Hayo ni ya wembe. Tumia ule mnene wa upande mmoja unaouzwa hadwea kwa ajili ya kukwangua rangi, wala si wembe mwembamba wa kunyolea ndevu, ambao hupinda na kuchimba kwa pembe yake. Ulaze kwa nyuzi 30 hadi 45, kioo kikiwa chini ya maji, usukume mbele tu, usiuburute kando. Wenye jino lililong'oka utupe. Jino hilo ndilo linalochora. Baada ya kazi uoshe kwa maji matamu, ukaushe, uuweke kwenye kopo lililofungwa, la sivyo hewa ya bahari itauotesha kutu kabla ya matumizi ya pili. Na wembe usiguse silikoni kabisa.

Ukungu wa kahawia wa tangi jipya, kwa upande mwingine, ni mwepesi mno; sumaku inaupangusa kama vumbi, na mara nyingi hupotea wenyewe tangi likishakomaa. Utando wa buluu-kijani unaoteleza na kunuka usiupanguse. Hao ni bakteria, na ukiwatawanya watatua kwingine. Uvute kwa mpira. Mstari mweupe wa juu ni chokaa, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima, kwa kuwa visima vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Shusha maji chini ya mstari, upake siki kwa kitambaa, usubiri, ufute, na usiache siki idondoke ndani.

Vibadala vya nyumbani nimevitazama kwa makini kwa sababu vinapatikana kila mahali. Dodoki jipya, ambalo halijaguswa na sabuni, ni zuri kwa utando mwembamba na halikwaruzi, ila huoza upesi likiachwa majini. Makumbi ya nazi siyapendekezi: hutoa rangi ya kahawia, na yale ya jikoni huwa yamekwisha kusugulia sufuria kwa mchanga. Sifongo ya kijani ya kuoshea vyombo mara nyingi imetiwa unga wa kukwaruza. Steel wool isifike hata karibu, kwani vipande vyake vya chuma hung'ang'ania sumaku.

Ikiwa unasugua kila siku na bado kioo kinarudi kijani, tatizo haliko kwenye sumaku. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, mchana ni karibu masaa 12 mwaka mzima, na joto halishuki. Tangi lililo mkabala wa dirisha halipati mapumziko. Lihamishe au uweke pazia, taa uifunge kwenye saa ya kujizima ili iwake masaa 6 hadi 8 kwa siku, lisha kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2, badilisha robo ya maji kila wiki. Kuna wanaokimbilia dawa ya kuua mwani ya mabwawa ya kuogelea kwa sababu mjini haikosekani. Tafadhali msifanye hivyo. Baadhi zina shaba, na shaba huua konokono na kamba hata ikiwa kidogo, na samaki nao huwadhuru.

Kuhusu uimara, kitambaa cha ndani ndicho kinachoisha kwanza. Vijindoano vikilala, kinateleza bila kukwangua, na mtu huanza kukandamiza. Uliza dukani kama vitambaa vya akiba vinauzwa peke yake. Kama haviuzwi, hiyo ni sababu ya kutosha kuchagua aina nyingine. Usiiache sumaku imening'inia ndani ya tangi kati ya kazi na kazi. Ukoga humea juu ya kitambaa chenyewe, chembe hujikusanya, na mkondo wa kwanza wa safari ijayo unakuwa wa kukwaruza. Ihifadhi kavu, vipande viwili vikiwa vimetenganishwa na kipande cha mbao, mbali na kadi za benki na simu, na mbali kabisa na mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Kwa tangi la akriliki, yaani plastiki angavu kama kioo, isitumike isipokuwa boksi limesema wazi kuwa kitambaa chake ni cha akriliki. Vijindoano vilivyokusudiwa kioo huiachia akriliki ukungu wa mikwaruzo kwa mkondo mmoja.

Na kwa wenye matangi ya maji ya bahari: inafanya kazi vizuri kwa utando, ila mwani ule wa waridi wenye chokaa unahitaji wembe au sumaku yenye blade. Humo sumaku kali za neodimiamu zina udhaifu mmoja. Ganda likipata ufa usioonekana, maji ya chumvi huingia, sumaku hufura na kupasua plastiki kutoka ndani. Chunguza mshono wa ganda kila unapoitoa. Ukiona mstari wa kutu, itoe tangini siku hiyo hiyo na usijaribu kuuziba kwa gundi. Maji yaliyokwisha kuingia yataendelea kuila ndani kwa ndani.