TAHADHARI: Watu wa mashine ya kushika mkononi na vikopo vya laki tatu na themanini, Arusha na Moshi

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, someni hii afu muwasomee na wazazi wenu, maana wao ndo wanaowindwa. Kuna kikundi kinazunguka na laptopu, wanakaa nje ya makanisa ibada ikiisha, wanakuwepo sokoni Tengeru Jumatano na Jumamosi, wanaingia mpaka kwenye vikoba vya akina mama, wanatangaza chekapu ya mwili mzima kwa elfu kumi. Wamevaa makoti meupe na mmoja wao kila mtu anamwita dokta. Sasa hivi nasikia wameshafika na Moshi.

Wanavyofanya ni hivi: wanakuuliza jina, umri, urefu na uzito, wanaingiza kwenye programu, wanakushikisha kifimbo cha chuma chenye waya, dakika moja hivi, afu zinatoka kurasa kibao zenye rangi, ini, figo, mifupa, mishipa ya moyo, kila kitu na alama yake. Mama mdogo wangu wa Usa River, mwalimu mstaafu, mgonjwa wa sukari wa siku nyingi, aliambiwa figo zimechoka, kalsiamu imeisha kwenye mifupa na mwili umejaa floraidi. Akapangiwa vikopo vinne, laki tatu na themanini, dozi ya mwezi mmoja, na anatakiwa arudie miezi mitatu. Alilipa kwa simu kwenye namba ya kawaida ya mtu binafsi, risiti hakupewa.

Hela inauma ndio, ila kilichonifanya niandike ni kwamba walimwambia aache metformin, dawa yake ya sukari ya hospitali, eti dawa zisigongane. Akaacha. Zikapita wiki chache mama anakunywa maji usiku kucha, anaenda haja ndogo kila saa, macho yanaona ukungu, tukamkimbiza hospitali, sukari kabla ya kula 17, wakati mtu anahesabiwa ana kisukari kuanzia 7. Kabla hatujaondoka nyumbani aliwapigia mwenyewe wale watu, wakamwambia hizo ni sumu zinatoka, aongeze dozi! Yani ukipata nafuu ni dawa imefanya kazi, ukizidiwa ni sumu zinatoka, kwa hiyo hakuna siku mgonjwa atakayoambiwa acha hiki hakikufai. Mtu yeyote akikupa jibu la hivyo kimbia.

Kuhusu hiyo mashine, sukari inapimwa kwa tone la damu, figo zinapimwa kwa damu na mkojo, hakuna kifimbo cha kushika kiganjani kinachoweza kujua kalsiamu ya mfupa wako. Binamu yangu alirudi kwa wale wapimaji akapimwa mara mbili kwa majina mawili na umri tofauti, mtu yule yule, mkono ule ule, na majibu yakatoka tofauti kabisa, kwenye umri mdogo ini lilikuwa safi, kwenye umri mkubwa limechoka. Ukiweza fanya hivyo mbele ya mzazi wako aone mwenyewe, inasaidia kuliko kubishana naye.

Najua kuna atakayesema mbona jirani yangu magoti yalipona siku tatu. Inawezekana kabisa maumivu yaliisha, na hapo ndo pa kuogopa zaidi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha watu kuhusu virutubisho vya viungo vinavyoitwa Artri King, walivipima wakakuta ndani kuna diclofenac (dawa ya maumivu) na dexamethasone (dawa kali ya jamii ya steroidi) ambazo hazijaandikwa kwenye lebo. Dexamethasone inatuliza maumivu haraka sana, lakini inapandisha sukari na presha, na ukiitumia muda mrefu afu ukaikata ghafla mwili unaweza kuzidiwa vibaya. Sisemi vikopo vya hawa vina hicho, havijapimwa. Nasema kitu cha "asili" kinachoondoa maumivu ya miaka kwa siku tatu kiulizwe maswali, hasa na mtu mwenye sukari.

Sasa chukua kikopo chenyewe usome nyuma, wengi hatusomi. Kile cha kalsiamu kwa kidonge kimoja kilikuwa na miligramu 200. Glasi moja ya maziwa ina kama 300, na maziwa huku kwetu yapo kila kona, mtindi upo, dagaa wanaoliwa na mifupa yao wapo. Cha pili ni unga wa mlonge, mti ambao mama mdogo anao nyuma ya nyumba! (Na mlonge wenyewe ni mboga nzuri ya majani, msije mkaanza kuuziana nao kama dawa ya sukari.) Cha tatu vitamini C, na pera moja tu la kawaida linatosha mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima na kuzidi. Cha nne hakina hata miligramu, kimeandikwa mchanganyiko maalum basi, na ndo kilikuwa ghali kuliko vyote. Kama daktari akipima akakuta kweli umepungukiwa na kitu, duka la dawa wana vidonge vya kawaida vyenye madini yale yale kwa elfu chache. Metformin ya mwezi mzima mtaani kwetu haifiki elfu kumi. Wajawazito vidonge vya madini chuma na foliki asidi wanapewa kliniki, usinunue pakeji ya mtu.

Hili la floraidi limeniudhi kipekee kwa sababu wanatumia tatizo letu la kweli. Maji ya kuzunguka Mlima Meru, Maji ya Chai, Ngarenanyuki, huko kote yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita na kuna vyanzo vinazidi mbali sana. Lakini madoa ya kahawia ya meno yanayoletwa na floraidi yanaingia utotoni meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya fizi, hakuna kidonge cha kuyafuta, anayeshughulika nayo ni daktari wa meno. Kinachosaidia ni kubadili maji ya mtoto ya kunywa na kupikia: ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo wataalam wa kituo cha Ngurdoto wameifanyia kazi miaka mingi. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Na punguzeni magadi kwenye maharage ya watoto, nayo yana floraidi.

Wakikuonyesha vyeti usitetereke. Kusajiliwa kama chakula maana yake sio kwamba kinatibu kisukari. Na FDA wanayoitaja kila sentensi haiidhinishi virutubisho kabla havijaingia sokoni.

Sisi watu wa kaskazini tulishaona 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, na wapo walioacha ARV, dawa za virusi vya ukimwi, wakidhani wamepona. Kile kilikuwa mia tano.

Wanaouza wengi ni watu wetu, wameingizwa kwenye mtandao wa biashara kwa kulipa kiingilio na wanatafuta pointi, kwa hiyo msiwatukane. Ila kama mzazi wako ameshanunua, leo hii muulize swali moja tu, dawa zako za hospitali unaendelea kuzimeza? Kama ameacha mpeleke akapimwe, vikopo nenda navyo daktari avione. Usivitupe, maboksi na meseji za malipo tunza, ofisi ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, kanda ya kaskazini iko hapa hapa Arusha, wapelekee pamoja na namba iliyopokea hela.