Akaunti ya premia ya 22,000 kwa mwezi: nimeishusha, na hesabu nlivyopiga ni hivi

Assalaam aleikum wenzangu. Nlikuwa na akaunti ya benki ile wanayoita premia, yenye ada kubwa na huduma zake maalumu, nimekaa nayo karibu miaka mitatu, sasa nimeirudisha ya kawaida. Kabla ya kuishusha nlihangaika mwezi mzima nikiuliza huku na huku, kila mtu ana lake, kwa hivyo naandika yaliyonikuta mimi, atakaefaidika nayo afaidike. Benki siitaji jina, wafanyakazi wake nnawajua na wengine ni majirani zangu.

Mie nauza mboga na viungo kwa mahoteli, upande wa Kiwengwa, Pwani Mchangani mpaka Matemwe, hapa Unguja. Bilingani, nyanya, pilipili hoho, ndimu, mchaichai, mdalasini. Tunakusanya kwa wakulima wa Jumbi na Bambi alfajiri, saa 1 gari ishaondoka. Sasa hoteli haikupi keshi mkononi, wanapokea mzigo wanasaini, halafu wanakulipa kwa benki baada ya siku 30, wengine 45, na zikiingia zinaingia kwa mkupuo. Hapo ndipo afisa wa benki aliponiona. Ilikuwa mwezi wa 8, wageni wamejaa, salio limenona, akanipigia simu, mama wewe si mtu wa kupanga foleni, njoo tukupandishe.

Na kusema kweli lile dirisha lao la pembeni la wateja wa premia nlilipenda. Mwenye kujua foleni ya mwisho wa mwezi mjini, mishahara ya serikali imeingia, watu wamejaa mpaka nje mlangoni, atanielewa. Mie naingia, nakaa kwenye kiti, naulizwa habari za nyumbani, dakika 10 nishatoka. Mtu umeamka saa 10 za usiku unahesabu tenga za nyanya, kile kiti kina thamani yake.

Lakini ada ni 22,000 kila mwezi ukiweka na kodi. Na kuna sharti la salio, lisishuke chini ya milioni 1, likishuka wanakata 10,000 juu yake. Hilo la salio nliambiwa siku ya kusaini lakini nlilisikia kwa sikio moja, kwa sababu wakati ule milioni 1 nlikuwa naiona ndogo.

Ikaja masika. Nyie mnajua mwezi wa 4 na wa 5 kule pwani, hoteli nyengine zinafunga kabisa, zilobaki zina wageni wawili watatu, mvua asubuhi mpaka jioni, na mchicha wenyewe unaoza shambani. Mie mwezi wa 5 haikuingia hata shilingi. Salio likashuka laki 6, likashuka laki 4, watoto wanataka ada ya skuli. Nkaenda kuchukua stetimenti maana tangu ile tozo ya serikali kwenye miamala nimejifunza kusoma mstari mmoja mmoja. Nkaona mwezi wa 4: 22,000, chini yake 10,000 salio pungufu. Mwezi wa 5 vile vile. Elfu 64 zimekatwa kwenye miezi miwili ambayo mie nakula akiba! Nlikaa na ile karatasi kwenye daladala mpaka Amani sikumsemesha mtu.

Hasira yangu ya mwanzo ilikuwa nende kesho yake nifunge kila kitu. Mtoto wa dada yangu ndie alonizuia, yeye kasoma mambo ya hesabu, akanambia mama mdogo usichukue elfu 22 ukatoa elfu 3 ya akaunti ya kawaida ukasema nimeokoa 19, hujui ile 22 imekulipia nini. Hebu lete stetimenti ya miezi 6. Basi tukakaa barazani na daftari, yeye anasoma mie naandika, toka mwezi wa 1 mpaka wa 6.

Nlicholipa: ada 22,000 mara 6 ni 132,000, na salio pungufu mara 2 ni 20,000, jumla 152,000. Halafu tukatazama vile vitu vya bure ambavyo kwenye akaunti ya kawaida ningevilipia. Kutuma pesa benki nyengine, nlituma mara 13, na akaunti ya kawaida kila mara moja ni 3,000, hiyo 39,000. Stetimenti ya muhuri nlichukua 2, kila moja 5,000, hiyo 10,000. Kitabu cha cheki cha bure hata sikukifungua. Chumba cha kupumzikia uwanja wa ndege sijakitia mguu, mie safari yangu ni boti ya kwenda Pemba. Na ada ya akaunti ya kawaida ni 3,000 kwa mwezi, kwa miezi 6 ni 18,000. Ukijumlisha zote ningelipa 67,000. Yaani tofauti ni 85,000 kwa nusu mwaka.

Kwa hivyo alikuwa na haki, maana mie kichwani kwangu nlishajiambia ntaokoa zaidi ya laki moja. Na kitu chengine tulichokiona kwenye zile mara 13, mara 8 nlikuwa namtumia mtu mmoja tu, mwenye gari linalobeba mzigo, kwa sababu akaunti yake iko benki nyengine. Nimemuomba afungue huku kwetu, kafungua, sasa namtumia ndani kwa ndani haikatwi kitu.

Ila nataka niseme wazi, si kwamba ile premia ni mbaya kwa kila mtu. Tofauti ya ada ni 19,000 kwa mwezi. Ukitoa 3,000 kwa kila kutuma, basi mtu anaetuma benki nyengine mara 7 au zaidi kila mwezi, na salio lake halishuki masika wala kiangazi, huyo inamlipa, abaki nayo. Nna jirani yangu anaingiza vifaa vya ujenzi kutoka Dar, anatuma pesa takriban kila siku, yeye nlimwambia usiiguse. Mie biashara yangu ina miezi ya kushiba na miezi ya njaa na ada yao haijui masika.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni karafuu. Mama yangu yuko Wete na tuna mikarafuu kidogo ya urithi, ukifika msimu mie ndie nnaekwenda kusimamia na kuwalipa wachumaji. Kadi ya premia inatoa mpaka milioni 3 kwa siku ATM, ya kawaida milioni 1. Nkasema nikishusha ntaadhirika Pemba, wachumaji wanapima pishi zao jioni na kila mtu anataka chake palepale, huwezi kumwambia njoo kesho. Hii ndio ilonizuia wiki mbili nzima. Mpaka mama mwenyewe aliponambia kwenye simu, we mwanangu umesahau msimu uliopita ulivyozunguka na zile noti? Na kweli, ATM inakutolea noti za 10,000, na mchumaji alochuma pishi 7 au 9 utamlipaje na noti ya 10,000? Nlizunguka duka kwa duka kutafuta noti za 1,000 na 2,000 na sarafu za 500, mpaka muuza mkate alinikatalia. Siku ya pili nkaenda dirishani kuomba pesa ndogo ndogo, na nliendelea hivyo hivyo msimu mzima. Kumbe ile milioni 3 ya ATM sikuwahi kuitumia kwa kazi nnayoiogopea. Hapo wasiwasi ukaisha.

Sasa tuje kwenye kushusha kwenyewe, hapa ndipo nlipochokeshwa. Nlikwenda na kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi, kijana wa huduma kwa wateja akanambia mama haiwezekani kushusha, lazima ufunge hii ufungue mpya. Nkamwambia mwanangu, namba ya akaunti hii iko kwenye hoteli 6, nikibadilisha namba kila mhasibu ataniambia lete barua, lete fomu, malipo ya mwezi yatakwama, mie ntawalipa nini wakulima? Akanijibu ndio utaratibu. Nkarudi nyumbani. Mara ya pili mwengine kanambia maneno yale yale. Mara ya tatu nkaomba kuonana na msimamizi, bibi mmoja mtu mzima, akafungua kompyuta yake akasema mbona inawezekana, unabadilishwa daraja tu, namba inabaki ile ile, kadi ndio unapewa nyengine. Fomu ya ukurasa mmoja! Siku 2 nimepoteza kwa kitu cha fomu ya ukurasa mmoja. Kwa hivyo wewe ukiambiwa ufunge ufungue mpya usikubali haraka, omba msimamizi, na ile fomu wakishapiga muhuri omba kopi yako.

Ile kopi ndio iloniokoa. Mwezi uliofuata wakakata tena 22,000 kama kawaida. Nkenda, wakasema ombi halikuingia kwenye mfumo. Nkawaonesha kopi, muhuri na tarehe. Nkaandika malalamiko kwa karatasi, na nliwaambia kwa heshima kwamba wasiponijibu ntapeleka Benki Kuu, maana utaratibu ndio huo, unaanza na benki yako kwanza, usiporidhika unakwenda kwao. Baada ya siku 9 ikaja meseji 19,000 imerudishwa, wamebakisha ada ya kawaida.

Kuna waloniuliza kwa nini sikuhamia moja kwa moja akaunti ya Kiislamu. Nlilitaka hilo na bado nalitaka. Benki yangu wana kitengo hicho, kuna ya wadia, pesa yako ni amana, hawakuahidi nyongeza, na kuna ya mudharaba ambayo mnagawana faida kwa fungu mlilokubaliana. Mie nataka wadia kwa pesa ya mzunguko. Akaunti nlonayo sasa hailipi riba kwa hivyo moyo wangu umetulia kwa hilo, lakini pesa yangu nataka ikae upande wa pili. Tatizo ni kwamba huko namba inabadilika kweli, hili msimamizi kanithibitishia. Kwa hivyo nimeamua nisubiri masika ijayo, hoteli zikishafunga na wahasibu wana nafasi, nizunguke na barua moja moja bila ya malipo kukwama.

Sasa nna miezi miwili kwenye ya kawaida. Foleni nnaiona, wiki ilopita nlisimama dakika 50 na mguu huu wa kulia unaniuma, na lile dirisha la pembeni lilikuwa tupu, keshia kanitazama kanijua kaniamkia. Nimeanza kwenda katikati ya mwezi, siku ya Jumatano asubuhi baada ya gari kuondoka, hapo hata watu 5 hawafiki. Na vitu vidogo vyote napeleka kwa wakala hapa Amani. Stetimenti ya mwezi ulopita ninayo mezani, mstari wa ada umeandikwa 3,000, na chini yake kuna malipo mawili ya hoteli yameingia kwa namba ile ile ya zamani.