Metroid Prime: gemu tamu iliyonitesa kwa vituo vya kusevu

Nianze na Phazon Mines, mgodi mmoja ndani ya gemu hii, maana hasira yangu bado iko kulekule. Mnaotaka kujua picha zake zikoje, inakula nafasi kiasi gani na ilipewa alama ngapi na magazeti, mtayapata kwingine bila shida. Mimi nina neno moja tu na Metroid Prime, nalo ni umbali uliopo kati ya kituo kimoja cha kusevu na kingine ndani ya ule mgodi. Nataka kumjua aliyekaa kwenye kiti chake, akaitazama ramani, akasema, "Hapa panatosha."

Kwa asiyeijua: gemu hii haisevu yenyewe. Vipo vyumba maalumu, unaingia, unasimama katikati, unajaziwa nishati, unaulizwa kama unataka kusevu. Zaidi ya vyumba hivyo kuna meli ya Samus, mhusika unayemchezesha, iliyotua juu kabisa, nayo inafanya kazi ileile. Basi, hakuna kingine. Ukifa kabla hujafika, kila ulichokipata tangu mara ya mwisho kusevu kimekwenda: makombora uliyoongeza, tangi la nishati ulilolitoa mafichoni kwa jasho, milango uliyoifungua, jitu uliloliangusha. Skrini inakurudisha ulikotoka kana kwamba hukuwahi kuondoka.

Nusu ya kwanza ya safari huoni ubaya wowote. Kwenye magofu ya Chozo Ruins vituo vipo, kwenye theluji ya Phendrana Drifts unahangaika kidogo lakini unafika. Unajenga imani. Ukishaamini, ndipo unaposhushwa mgodini.

Mgodi una ngazi tatu za kwenda chini. Unasevu pale juu, unajiona mzima, unaondoka. Wa kwanza kukupokea ni maharamia wa anga waliojitengenezea silaha kwa kuiga zako. Wako wa njano, wa zambarau, weupe na wekundu, na kila mmoja anaumizwa na mwali, yaani aina ya risasi ya mzinga wako, wa rangi yake tu. Wa zambarau ukimpiga kwa mwali wa barafu umemkuna. Kwa hiyo unabadili, na kubadili nako si papo hapo: mzinga wa mkononi unafunguka, unajipanga, unajifunga, na muda huo mwenzako ameshakurukia. Haya, unapita. Kuna chumba kinachojifunga mpaka uwamalize waliomo. Unapita. Kuna majitu yaliyohifadhiwa ndani ya matangi ya kioo, na mojawapo linaamua kuvunja kioo litoke, likipiga sakafu unarushwa. Unapita, nishati imebaki nusu. Kuna mitambo ya kuzungusha mpaka rangi zilingane, kazi ya mtu aliyelala vizuri, nawe umeikuta ukiwa na mikono inayotetemeka. Unapita. Kuna gesi. Unapita! Halafu unaingia Central Dynamo, na humo kuna droni isiyoonekana.

Isiyoonekana, jamani. Tangu dakika ya kwanza gemu hii imekufundisha kushika kitufe kimoja, adui anafungwa shabaha, wewe unazunguka na kufyatua. Huyu hafungiki. Unachokiona ni mashambulizi yake yanakujia, unarusha makombora kwenye hewa tupu ukiomba Mungu. Na kituo cha kusevu kiko chumba cha jirani. Jirani kabisa! Nimekufia pale, nimerudishwa juu kabisa ya mgodi, nikaanza upya na wale wa njano na wa zambarau. Sikuhesabu ni mara ngapi, na aliyehesabu kwa niaba yangu asiniambie.

Kaka yangu mkubwa, ambaye aliicheza ile ya awali kwenye GameCube, konsoli ya zamani ya Nintendo, alikuwa amekaa nyuma yangu mara mojawapo. Hakunipa hata pole. Alisema, "Nyinyi mmezoea kubebwa," akaondoka zake. Maneno hayo yaliniuma kuliko ile droni.

Maana ndiyo hoja ya wazee wote wa gemu hii. Ukilalamika kuhusu Phazon Mines watakwambia hofu ndiyo raha yenyewe. Wanasema kama ungesevu kila mlango, usingejali nishati yako, usingetembea kwa kunyata, na kile chumba cha kusevu ukikifungua kisingekuwa kitamu vile. Na kusema kweli, ile mara niliyopenya, nishati ikiwa inalia king'ora, mlango ukafunguka nikakiona kile kituo, nilipiga kelele mpaka mtu akaja kuuliza kuna nini. Sijawahi kufurahia kusevu namna ile kwenye gemu nyingine yoyote. Hapo wana hoja. Nawapa.

Lakini wakishachukua hoja hiyo wasikilize na yangu. Hofu inafanya kazi mara moja tu. Mara ya kwanza kuingia ule mgodi sijui nini kiko nyuma ya mlango, kwa hiyo naogopa, na kuogopa kule ni kuzuri mno, sitaki kudanganya. Mara ya pili najua. Najua haramia wa kwanza anatokea wapi, najua kioo kipi kitavunjika, najua mitambo inazungushwaje. Hofu imeondoka, imebaki kazi. Unafanya kibarua kilekile kwa mpangilio uleule ili ufike tu pale ambapo gemu inaanza upya kuwa gemu. Huko ni kutwanga maji kwenye kinu, na anayeniambia ndiyo ufundi wa utunzi wenyewe, labda aliicheza zamani sana akasahau.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mimi sikucheza ile ya 2002. Mwaka 2002 sawa, ndivyo mambo yalivyokuwa, kulikuwa na kadi ya kumbukumbu na mambo yake, nisingesema neno. Nimecheza ile iliyotengenezwa upya kwa ajili ya konsoli ya Switch ikatoka Februari 2023. Waliigusa kila kona. Kuta zimepakwa upya, mwanga umekuwa mwanga, na sasa unaweza kutembea kwa kijiti kimoja cha padi na kutazama kwa kingine, jambo ambalo ile ya awali haikuliruhusu. Waliongeza hata daraja jepesi la ugumu kwa wanaotaka kutembea tu. Miaka zaidi ya ishirini imepita, mikono yote hiyo imepita juu ya gemu, na hakuna aliyeona vibaya kuweka kituo kimoja zaidi ngazi ya kwanza? Kimoja! Asiyekitaka angekipita. Na asiniambie mtu kwamba konsoli unaweza kuilaza ukaendelea kesho. Naweza kuilaza, ndiyo, ila nikiiamsha droni bado iko pale inanisubiri.

Sasa mtaniona kigeugeu, lakini lazima niseme na hili. Hakuna gemu iliyowahi kunivalisha kofia ya chuma kama hii. Kila kitu unakiona kupitia kioo cha deraya ya Samus. Mvua ikinyesha ukainua macho, matone yanatua kwenye kioo. Ukipita kwenye mvuke kinafunga ukungu, kisha kinajisafisha taratibu. Mlipuko ukitokea karibu na uso, kwa nukta moja unaona sura yake imejiakisi ndani, macho yake yanapepesa, unakumbuka kuna mtu humu. Ukiwasha kioo cha eksirei unaona mifupa ya mkono wake ndani ya mzinga. Hakuna aliyekulazimisha kuviona, na wengine wanamaliza gemu bila kuviona vyote. Retro Studios walioitengeneza, kule Austin, Texas, waliiona shabaha yao vizuri kabisa.

Tena wakumbuke wanaoizungumzia leo kwamba watu hawakuiamini hata kidogo kabla haijatoka. Metroid ilikuwa ya kutazamwa kutoka ubavuni, mtu anakimbia kulia na kushoto. Shigeru Miyamoto, mtunzi mkongwe wa Nintendo, ndiye aliyesukuma iwe ya kutazama kwa macho ya mhusika, na mashabiki wakadhani wanaletewa gemu nyingine ya kupiga risasi tu. Hadi leo nasikia wachezaji wakibishana, ni ya risasi au si ya risasi. Mimi naona ubishi huo haulipi. Kulenga kwenyewe umepunguziwa na kile kitufe cha kufunga shabaha. Muda mwingi unasoma ukuta, unatafuta ufa, unajiuliza ule ukingo wa juu utaufikia lini na kwa kifaa gani. Nintendo waliiita ya safari, na kwa mara moja tangazo la biashara lilisema kweli.

Na kuskani, yaani kukichunguza kitu kwa kioo cha deraya mpaka kikupe maelezo yake! Hapa nimepoteza muda kwa hiari yangu mwenyewe. Hadithi yote imeandikwa kwenye kuta na kompyuta, hakuna mtu wa kukusimulia. Wachozo, viumbe wa kale, walikuja kwenye sayari hii ya Tallon IV kutafuta utulivu, kikaanguka kimondo kilichobeba sumu ya Phazon, wakaishia kuwa mizimu iliyochanganyikiwa. Hayo unayajua kwa vipande, ukisimama na kusoma. Lakini walionivunja mbavu ni maharamia. Wana ripoti za kazi kabisa, za kiofisi, na katika mojawapo wanaeleza walivyojaribu kuiga ule uwezo wa Samus wa kujikunja kuwa mpira. Waliowekwa kufanya majaribio walipindika na kuvunjika vibaya, kikosi cha sayansi kikaamua kwa busara kuachana na mradi. Nilicheka peke yangu. Kaka yangu anasema yeye hakuskani kitu, alikimbia tu. Ndiyo maana anaongea anavyoongea.

Muziki wa Phendrana, ile theluji na kinanda, sitauzungumzia sana, mtu asije akasema nimehongwa. Ni wa Kenji Yamamoto na Kouichi Kyuma. Niliwahi kusimama pale nisifanye lolote, padi mapajani.

Basi niko hapo, moyo umelainika, nimeshaanza kuipangia nyota tano kichwani. Nimetoka mgodini, nimemwangusha Omega Pirate, jitu kuu la huko, nimepata deraya ya mwisho. Naelekea mwisho. Na gemu inaniambia siendi popote mpaka niwe na Artifakti 12, vitu vya kale vya Wachozo.

Kumi na mbili. Zimetawanywa sayari nzima, na hekalu linakupa mafumbo ya mahali zilipo. Kadhaa unaziokota njiani, na wajuzi husema uzianze mapema ili usiteseke mwishoni. Ushauri mzuri, ila nyingi zinadai vifaa ambavyo unavipata ukiwa umeshachelewa. Kwa hiyo unarudi. Unavuka Magmoor Caverns, lile pango la moto ambalo ndilo njia ya karibu kila mahali, unalivuka tena kwa kurudi, kisha tena. Na ukipita Chozo Ruins mizimu imeamka, milango inafungwa, muziki unabadilika, pigana. Umewaua jana hapohapo kwenye chumba hichohicho. Hawana habari.

Wapo wachezaji wanaopenda hatua hii. Wanasema ndiyo nafasi ya kuiona sayari yote ukiwa na nguvu kamili, kupita kwa dharau mahali palipokutesa. Nilijaribu kuiona hivyo. Nikarudi hata mgodini, maana nako kuna Artifakti, nikiwa na deraya ya mwisho na kila mwali, nikawachapa wale wa njano na wa zambarau kwa raha zangu. Raha ilikuwepo kweli, ilidumu mpaka mlango wa pili.

Nyota? Nilipokuwa Central Dynamo ningeipa moja, na hiyo moja ni ya matone ya mvua kwenye kioo. Phendrana ningeipa tano na kuomba ya sita. Sasa hivi, nikiwa bado sijakamilisha hizo Artifakti, naandika tatu. Hapana, nne. Gemu ya nyota tatu huwa naiacha, na hii nimeshindwa kuiacha, nayo naona inajua hivyo, ndiyo maana inanifanyia inavyonifanyia. Nne, halafu moja naishikilia mpaka mtu aweke kituo pale ngazi ya kwanza.

Unayetaka kuicheza, icheze. Chagua ile ya Switch, skani kila kitu, usiwasikilize wanaokimbia. Siku ya mgodi usiingie ukiwa na nusu saa mkononi, na ukifika Central Dynamo piga kule mashambulizi yanakotoka, usiitafute droni yenyewe.

Kaka yangu amekuja tena jana, akaona nimebakiza chache. Akaniambia nikimaliza kuna daraja gumu linafunguka, ramani ileile na vituo vilevile, ila adui wanauma zaidi. Nimemwambia atoke chumbani kwangu.