Hardtop ya wagonjwa, kwa tuliokaa nyuma

Maoni mengi ninayosoma kuhusu Land Cruiser hardtop ya wagonjwa yanatoka kwa watu wa mbele. Dereva anasifia injini, fundi anasifia vipuri vinavyopatikana, bosi anasifia kwamba gari limekwenda na limerudi. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa sita sasa nasindikiza wagonjwa wa rufaa katika Bonde la Kilombero, Tanzania. Nafasi yangu ni nyuma, kwenye benchi, na mara nyingi ni sakafuni nikiwa nimepiga magoti. Mgonjwa yuko huko nyuma, kwa hiyo naomba niwaeleze ya huko.

Kwanza nilipe gari haki yake. Kama gari, nalipa alama kumi kwa kumi. Lile letu lina injini ya 1HZ, dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Ni injini ambayo fundi wa senta ya kawaida anaifungua na kuifunga bila kuiunganisha na kompyuta yoyote. Anayeijua masika ya bondeni anajua maana yake. Udongo ule mweusi wa mashamba ya mpunga ukishakunywa maji, lori linalala njiani siku tatu na bodaboda wanabeba pikipiki zao mabegani. Hardtop inapita. Siku isipopita tunatafuta trekta, na trekta likitukuta tumezama hadi mlangoni, tukivutwa tunawasha na kuondoka. Kwa miaka sita halijawahi kunizimikia na mgonjwa ndani. Sina gari lingine ninaloweza kulisemea hivyo.

Kama chumba cha mgonjwa, nalipa alama nne.

Tuelewane hapa. Gari hutoka kiwandani nyuma likiwa tupu. Kitanda, benchi, taa, ndoano ya dripu na kishikio cha mtungi wa oksijeni hufungwa baadaye kwenye karakana. Karakana iliyofunga letu siitaji jina. Nimepanda na mengine mawili yaliyofungwa kwingine, na makosa nimeyakuta yale yale. Naona tatizo ni kwamba wanaofunga hawajawahi kumuuliza anayekaa mle.

Springi za nyuma ni za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Zimetengenezwa kubeba mzigo mzito, na ndiyo sababu gari halivunjiki. Lakini rufaa ni dereva, mimi, mgonjwa na ndugu mmoja. Kwa uzito huo springi hazishuki, zinarusha. Kila shimo unalolisikia mbele kama mtikiso, nyuma linakunyanyua kwenye benchi. Mama mwenye uchungu au kijana aliyevunjika paja anapiga kelele kila daraja la magogo. Kanula, kile kimpira cha dripu kinachokaa mshipani, niliyoiweka vizuri zahanati, tukifika nusu ya njia imeshatoka mshipani, natafuta mshipa mwingine gizani kwa mtu ambaye mishipa imeshalala.

Mzee wetu dereva ndiye aliyeniokoa kwa hilo. Aliweka viroba viwili vya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, akavifunga kwa wavu, na tukiingia barabara ya vumbi anashusha kidogo upepo wa matairi ya nyuma. Gari likatulia. Kanula sasa zinafika hospitali. Kama kituo chenu kina hardtop, fanyeni hilo wiki hii, ni mchanga tu. Lakini vifungeni kweli, maana kiroba kilicholegea nacho kinaruka.

Kosa kubwa kuliko yote ni upande wa kitanda. Kwetu kitanda kilifungwa kulia, nyuma ya kiti cha dereva, na benchi langu kushoto. Ukitazama haraka huoni shida. Sasa mpakie mama mjamzito, kichwa mbele, miguu mlangoni, kama inavyotakiwa. Mjamzito wa miezi minane halali chali. Tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha inashuka, na mtoto anakosa hewa. Tunamlaza ubavu wa kushoto. Akilala ubavu wa kushoto kwenye kitanda kile, uso wake unatazama bati la gari. Mimi naona mgongo.

Kifafa cha mimba, yaani degedege la mjamzito mwenye presha ya juu, huanzia usoni. Macho yanakaza, mdomo unaanza kucheza, ndipo mwili mzima unafuata. Kabla ya kuondoka na mama mwenye dalili zake tumeshampa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 taratibu mshipani na 10 kwenye misuli, tano kila upande. Baada ya hapo kazi yangu ni kumwangalia mama yule apumue na nione dalili yoyote mapema. Namwangaliaje kwa kisogo? Nimesafiri saa tatu nikiwa nimeinama juu ya kitanda, mkono mmoja umeshika paa, ili nimwone mdomo tu. Mara mbili degedege nililijua kwa sababu kitanda kilianza kugonga bati. Kitanda kingefungwa kushoto, mama angelala ananitazama. Gharama ingekuwa ile ile.

Nitawasimulia usiku mmoja wa Aprili, kwa sababu mengi yalijionyesha pamoja.

Simu ilikuja saa mbili usiku. Mama wa watoto wanne amejifungua zahanati, kondo limetoka zima, lakini mji wa mimba haukazi na damu haisimami. Nesi wa kule ameshampa oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, na dripu mbili. Tulifika saa nne kasoro. Kitanda chetu kina magurudumu madogo kama ya toroli la dukani, na uwanja wa zahanati ile ni mchanga, kama zilivyo zahanati nyingi. Magurudumu yalizama. Wanaume wanne wakakibeba mabegani na mama juu yake, wakaja nacho hadi mlangoni kwa gari. Lile vazi la kubana miguu na tumbo lilikuwa limekwenda na mgonjwa wa juzi yake na halijarudi. Ikabaki mikono. Ngumi moja inaingia ndani, kiganja kingine kinakandamiza tumbo kwa nje, mji wa mimba unabanwa katikati. Ukiachia, damu inamwagika tena.

Kwa hiyo sina mkono wa kujishikia. Hakuna mkanda, hakuna bomba, hakuna hata ukingo. Mguu mmoja niliuchomeka kwenye chuma cha kitanda, mgongo nikauegemeza kwenye benchi, na shimo la kwanza tu lilinitupa pembeni. Mama mzazi wa mgonjwa alikuwa kwenye benchi. Akavua khanga yake ya juu, akaipitisha kiunoni kwangu, akaikunja mara mbili mkononi na kukanyaga mguu wa benchi. Akasema, "Wewe mshike mwanangu, mimi nitakushika wewe."

Tulikwenda hivyo saa mbili na nusu.

Na taa. Taa ya ndani ilikuwa imeungwa waya mmoja na vimulimuli vya juu. Vimulimuli vikiwaka, ya ndani inafifia hadi huoni rangi ya damu. Nikapiga kelele, "Mzee, taa!" Naye akazima vimulimuli, akaendesha kwa taa za mbele peke yake katikati ya ng'ombe waliolala barabarani, akishuka mara mbili kuwaswaga kwa mkono. King'ora mashambani hakina kazi kubwa hata hivyo. Ng'ombe hawakijui, na watu wanatoka nje kutazama badala ya kupisha.

Mama alifika akiwa hai. Aliongezewa chupa tatu za damu. Mtoto wake sasa anatembea.

Wengi hufikiri kazi inaishia pale mapokezi. Hapana, kuna kurudi. Saa tisa usiku mimi na Mzee tulikuwa nje na ndoo na maji ya jiki ya asilimia 0.5, tunaosha, maana simu nyingine inaweza kuingia kabla hatujafika nyumbani. Sakafu tuliyofungiwa na karakana ni plaiwudi iliyofunikwa mpira. Mpira umeungwa katikati, na damu inaingia kwenye kiungio. Unaosha juu, chini kunabaki. Jua la saa sita likipiga bati, harufu inapanda, na anayepanda siku hiyo ni mtoto mwenye nimonia. Sakafu ya gari la wagonjwa inafaa iwe bati moja la alumini lisilo na kiungio, kingo zimekunjwa kupanda ukutani, na tundu la kutolea maji.

Oksijeni nayo lazima niiseme, kwa sababu ni hesabu ambayo anayeagiza gari anaweza kuifanya mezani. Mtungi wetu ni ule wa ukubwa wa E. Ukijaa una lita kama 680. Mgonjwa anayehitaji lita 5 kwa dakika atautumia saa mbili na robo. Anayehitaji lita 10 atautumia saa moja na dakika chache. Mtoto mchanga anayehitaji nusu lita hana shida, mtamfikisha na mtungi utabaki. Njia yetu kiangazi ni saa mbili na ushee, masika ni nne, na nimewahi kwenda sita. Kishikio kilikuwa kimoja. Mtungi wa pili tulikuwa tunaulaza chini ya benchi, tumeufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mtungi uliojaa ukigonga chuma na valvu ikavunjika, unaruka kama kombora, nasi tumo ndani. Kila kona nilikuwa naunyooshea mguu niuhisi kama bado upo.

Vumbi lenyewe linaingia kwenye mlango wa nyuma, pale milango miwili inapokutana. Raba ya pale ilichoka mwaka wa kwanza. Nimejifunza kulowesha khanga kuukuu na kuisokomeza kwenye ufa kabla hatujaondoka, halafu kuilowesha tena katikati ya njia. Tochi ya kichwani nilinunua mwenyewe. Ndoano ya dripu ilichomelewa juu ya miguu ya mgonjwa, na mpira wa dripu haufiki mkononi bila kuvutika, kwa hiyo chupa naining'iniza kwa bandeji kwenye nondo ya dirisha.

Mtu ataniuliza, kwa nini niyahangaikie haya wakati zamani hata gari hatukuwa nalo? Ni kweli, mambo yamesogea. Mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022, na sasa mama au nesi wa zahanati anapiga 115 bure. Mratibu anaangalia gari lililo karibu, na ambulansi isipokuwepo anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa na kulipwa kwa simu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukaja na 104. Nimezisoma namba hizo nikalia, kwa sababu najua baadhi ya waliobaki kwenye upande wa uhai. Lakini simu zikiwa nyingi, safari nazo ni nyingi. Saa zile mbili au nne za njiani sasa ni sehemu ya matibabu, na chumba cha matibabu chenyewe ndiyo hii sakafu ya plaiwudi. Kwa hiyo nayahangaikia.

Kama wewe ndiye unayeandika mahitaji ya gari jipya, au ni mfadhili unayetaka kutuletea, leta hardtop. Usitudanganyie na gari la lami kwa sababu ndani linang'aa. Ila kabla ya kulipia ufungaji, mpeleke muuguzi mmoja na dereva mmoja karakana, na wapande nyuma gari likiwa linatembea kwenye mashimo.

Letu tumelirekebisha kidogo. Tulichanga, wauguzi, Mzee na wazee wawili wa kijiji, tukapata ruhusa, tukampelekea fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti. Alihamisha reli za kitanda kushoto, akatenga waya wa taa ya ndani, akaongeza kishikio cha mtungi wa pili. Sakafu bado, hatukuwa na hela ya alumini. Kuhusu bomba la kushikilia, nilimwambia aliweke popote paani. Akakataa. Akasema, "Sista, panda, piga magoti kama unavyopiga safarini." Nikapanda. Akachukua kamba, akapima kutoka goti langu hadi begani, akaniuliza mikono yote miwili ikiwa na kazi najizuia kwa kitu gani. Nikamwambia kwa kiuno. Akakaa kimya kidogo, akaweka bomba alilokuwa amelikata pembeni, akaanza kupima mkanda.