Banda la SADC Nane Nane Uyole: kofia nyota tano, maelezo nyota mbili

Niseme ukweli tu, pale nilifuata kofia. Mnaijua Nane Nane yetu ya Mbeya, maonyesho ya wakulima, asubuhi unatoka nyumbani na koti baridi inauma, ikifika saa sita pale viwanja vya John Mwakangale jua linakutafuta wewe peke yako na vumbi la mwezi wa nane limeshaingia mpaka kwenye meno, sasa nikaona watu wanatokea nyuma ya mabanda ya mifugo wamevaa kofia mpya za bluu, nikamuuliza mama mmoja hizo zinatolewa wapi akanijibu huku anatembea, "kule kwa SACCOS baba, wahi zinaisha."

Nikawahi. Kufika nakuta bango kubwa limeandikwa SADC, ile Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na mbele ya meza yuko mzee na koti lake la sufu, ameshatoa kitambulisho cha NIDA kabisa kakishika mkononi, anauliza riba yao asilimia ngapi na kama shamba la parachichi wanalikubali kuwa dhamana. Kijana wa banda, suti kali, tai, jasho linamtoka, akamwambia mzee wangu sisi hapa tunatoa elimu kuhusu jumuiya ya kikanda ya mtangamano wa maendeleo. Mzee akatikisa kichwa polepole akasema sawa, sasa huo mtangamano mnakata kila mwezi au mnasubiri mtu avune?

Nilicheka sana aisee. Ila nilivyotulia nikaona mzee hana kosa, huku kwetu herufi nne tano zinazoanza na SA halafu kuna meza na vijana wenye tai, lazima ni mkopo.

Waliokuwa wanaendesha lile banda siwataji, na msije mkadhani sekretarieti ya SADC ilifunga safari kutoka Gaborone kuja Uyole, hawa walikuwa watu wa hukuhuku wamepewa kazi ya kuitangaza jumuiya kwa wananchi. Kwahiyo nahukumu banda tu, huduma niliyoipata mimi pale.

Banda lenyewe zuri, hilo siwezi kuwanyima. Turubai safi, viti vya kutosha, feni mbili, na televisheni moja kubwa inaonyesha marais wanashikana mikono, wanakaa, wanasimama, wanapiga picha ya pamoja, halafu inaanza upya, sauti hamna. Nikapewa kijitabu, karatasi nzito ile inayong'aa ukiishika na vidole vya chipsi inabaki alama. Ukurasa wa kwanza marais tena. Wa pili Dira ya SADC ya 2050. Wa tatu mpango wa 2020 mpaka 2030, vifupisho vimejaa kama mchwa, na chote ni Kiingereza mwanzo mwisho. Nikauliza cha Kiswahili kipo? Kijana akasema kinakuja.

Kinakuja! Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC mwezi wa nane 2019, tena kilipitishiwa hapahapa nchini kwenye mkutano wa wakuu wa nchi pale Dar, kikakaa meza moja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno, tukashangilia nchi nzima. Sasa kama kijitabu cha Kiswahili hakijafika Mbeya kitafika wapi kwanza, Windhoek?

Halafu utaratibu wa kofia. Ili upewe unaulizwa swali, na swali ni "SADC kirefu chake nini?" Yani foleni nzima watu wanakariri kwa Kiingereza kama watoto wa darasa la pili, wa mbele akikosea wa nyuma anamnong'oneza, dogo mmoja wa bodaboda akaanza vizuri tu "Southern African..." akamalizia na "Credit" kofia akapewa hivyohivyo maana watu walishavunjika mbavu. Mimi nikaulizwa nchi wanachama ni ngapi nikasema 16, nikaambiwa nizitaje, nikafika 15 nikakwama, nilisahau Comoro, ambao ndio wa mwisho kuingia. Nikapewa. Kofia ni nzuri kwakweli, kitambaa kizito, nyuma ina kifungo cha chuma sio ile plastiki inayokatika ukifika nyumbani.

Lakini jiulize, ukishajua kirefu unakipeleka wapi? Huku nyanda za juu tunaishi na SADC kila siku kuliko mtu wa Mwanza au Tanga, sema hatuiiti hivyo. Malori ya Zambia na Congo yanayotusumbua Mlima Nyoka na kwenye foleni ya Mpemba, kwenda Nakonde kwa Wazambia au Karonga kwa Wamalawi bila viza, mchele wa Kyela na Usangu unaovuka mpaka wa Zambia pale Tunduma, mambo ya SADC yamo humo. Kwenye habari tunaisikia vitu viwili tu, waangalizi wa uchaguzi na vizibao vyao, na wale wanajeshi wake waliokuwa Congo mpaka kazi yao ikasitishwa 2025. Mwaka jana nimemsikia mtu kwenye hiace anasema kwa uhakika kabisa kwamba SADC ni jeshi. Hakuna aliyebisha.

Na kitu kilichoniuma ni historia, hawakuweka hata mstari mmoja. Hii jumuiya ilianzia Lusaka tarehe 1 mwezi wa nne 1980, nchi tisa, Tanzania ya Nyerere imo, shida kubwa ilikuwa kuacha kuitegemea Afrika Kusini ya makaburu kwa njia na bandari. Jina la SADC lilikuja baadae, Windhoek 1992. Hiyo si ndo hadithi ya TAZARA hiyohiyo? Reli ilijengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia isipite kusini, na imepita hapa kwetu Mbeya. Sasa sikilizeni, yule mzee wa riba nilikaa nae kwenye kiti baadae tukipunga upepo wa feni, akaniambia yeye ujanani alibeba mataruma ya ile reli upande wa Makambako pamoja na Wachina. Mtu amejenga njia yenyewe kwa mabega yake, amesimama mbele ya meza yao dakika kumi, wao wanahangaika na kirefu.

Haya, nyota zilizobaki nazitoa kwa dada mmoja aliyekuwa kwenye kona, nadhani ni wa kujitolea maana hakuwa na suti, ana fulana ya banda na daftari la kawaida la shule. Alimwamkia mzee shikamoo, akamuuliza unalima nini baba, unauza wapi. Mzee akasema parachichi, na kidogo mchele wa mwanangu. Dada akafungua daftari akachora gunia, akachora mstari, akachora geti, juu ya geti akaandika Tunduma. Akasema hivi, mchele huu ukiwa umelimwa Tanzania na una cheti cha uasili cha SADC, kule Zambia haulipi ushuru wa forodha, ukienda bila cheti wao hawajui kama umetoka Kyela au Pakistan, wanakupiga ushuru kama wa mtu wa Pakistan. Cheti hicho unakipata TCCIA, ile chemba ya wafanyabiashara. Halafu akaongeza, na hapa ndo nilimpenda, kwamba cheti hakifuti vibali vya mazao wala kodi nyingine za kule, na kwamba nchi zinaweza kugombana mkakwama hata kama mna cheti, akakumbusha 2025 Malawi walipozuia mchele na ndizi zetu na sisi tukazuia mazao yao siku chache, wote wanachama. Hakuficha. Ndani ya dakika tano watu kama nane wamemzunguka, meza ya suti imebaki na kofia zake.

Nikapiga picha lile daftari nikamtumia dada yangu Whatsapp, yeye ana duka la nafaka Tunduma mwaka wa kumi na moja huu. Akanijibu kwa voisi, anacheka, "hiyo si karatasi ya wakala hiyo! Kila gari napewa, naitupa kwenye droo." Yani cheti cha SADC anacho droo nzima, wakala wa forodha anamjazia na anamlipia, na mpaka juzi hakuwa anajua kimeandikwa nini wala kwanini analipia. Nikamwambia asome juu kabisa. Kimya kidogo, halafu, "eh, kumbe ndo hawa wa kwenye taarifa ya habari."

Kwahiyo ushauri wangu kwa waandaaji, kama mtarudi mwakani, acheni televisheni, leteni hiyo karatasi moja iliyojazwa, ikuzwe iwe kubwa kama mlango, ibandikwe mbele kwa Kiswahili, na yule dada mumpe maiki. Na mtoke uwanjani, siku moja Mwanjelwa sokoni na moja pale maegesho ya malori Tunduma itawafaa kuliko wiki nzima ya feni. Tena siku ya SADC ni tarehe 17 mwezi huohuo wa nane, siku tisa tu baada ya Nane Nane kuisha, mahema mnayo tayari, mnakimbilia wapi?

Kwa wanaotaka kwenda: nendeni kabla ya saa tano, mchana foleni ya kofia inaziba njia mpaka kwa wauza miche. Vyoo viko mbali. Maji hawatoi. Ukikosa kofia usigombane nao, muulize dada wa kona akuchoree, ila beba kalamu yako maana ya kwake imeshaanza kugoma.

Mzee wa parachichi alipewa kofia bila kuulizwa swali, akaelekezwa banda la benki mstari wa pili, akashukuru, akaenda zake na kitambulisho bado mkononi.